Sahani Iliyorudi Tupu

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu tukiisikia methali hii humkumbuka kuku anayechinjwa kwa heshima ya mgeni, halafu mapaja yote yakaliwa na wenyeji. Hiyo ni maana ya tumbo, wala siipuuzi. Lakini iko maana nyingine iliyo ndani zaidi, na anayeijua vizuri ni Bi Ummu wa mtaa wa Langoni, mjini Lamu, ambaye miguu yake iliugua kwa miaka na daktari asiuone ugonjwa.

Bi Ummu alikuwa mjane mwembamba, msafi kupindukia, mwenye ulimi wa pilipili. Aliishi peke yake ghorofa ya chini ya nyumba ya mawe aliyopewa na babake siku ya harusi yake, kwa kuwa kwa watu wa Amu, yaani Lamu, mwanamke huolewa akiwa kwake. Naye alipopata binti, Razan, alimpambia ghorofa ya juu kwa desturi hiyo hiyo. Alimpangia sahani za kauri katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani, akampakia kuta chokaa mpaka zikang'aa. Razan aliolewa huko juu, akaugua huko juu, akafia huko juu kabla hajapata mtoto. Baada ya hitima, Bi Ummu alizishusha sahani zote chini, akatia komeo mlango wa ngazi ya ndani, na hakupanda tena.

Akiulizwa, alisema miguu yake haipandi ngazi. La ajabu ni kuwa miguu hiyo hiyo ilimfikisha sokoni, harusini na maziarani, na alipotaka kumwona dadake aliyeko Shela, ilikwenda Shela na kurudi. Mwanawe Faiz, aliyekuwa akifanya kazi Doha, alimletea mafuta ya kuchua ya kila aina. Chumba kizima kikanuka dawa. Ngazi zikabaki hazipandwi.

Ni Faiz aliyeona si vyema ghorofa nzima kukaa bure. Akaikabidhi kwa kampuni ya kusimamia nyumba yenye ofisi karibu na forodha. Kampuni ilifungua mlango wa juu kwa ngazi ya nje inayotokea kichochoroni, ikatafuta mpangaji, ikaweka masharti. Kubwa kati ya hayo ni kwamba mpangaji na mwenye nyumba wasipokee wala wasipeane chochote ila kupitia ofisi. Kampuni iliamini kwamba watu wakizoeana, kazi huharibika. Labda huko walikotoka ni kweli.

Mpangaji aliyepatikana ni Mueni, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kibwezi, mpole, mwenye mimba changa. Mumewe, Phineas, alikuwa askari polisi aliyepangiwa kituo cha bara, na alirudi kwa nadra. Mueni alikuwa ametafuta nyumba Lamu nzima hadi miguu ikavimba. Alipoipata hii, aliyashika masharti kama mtu aliyeshikilia ukingo wa mashua.

Miezi ikapita, ukaingia mwezi wa Ramadhani. Jioni moja Bi Ummu alisikia nyayo nzito za mjamzito zikitembea juu ya dari yake, moyo ukamlainika bila kumwomba ruhusa. Akatoa sahani moja ya Razan, yenye maua ya buluu, akaijaza mkate wa sinia na tambi, akaenda nayo kichochoroni.

"Mwana wa yuu!" aliita kwa Kiamu chake, akimtaka aje achukue. "Ndoo utukue futari. Mimi ngazi siziwezi."

Mueni alishuka, na kwa kuwa futari haikataliwi, akaipokea kwa mikono miwili. Bi Ummu alirudi ndani akitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza sahani ya Razan kupakuliwa chakula tangu kifo chake.

Siku ya tatu, mjumbe wa ofisi alibisha hodi na kitu kilichofungwa katika gazeti. Ilikuwa sahani, imeoshwa, imekauka, na ndani yake hamna hata punje ya mchele. Sasa, msomaji wangu, kama wewe si wa pwani huenda usione kosa. Sahani ya jirani hairudi tupu. Hurudi na chochote, hata ndimu mbili, hata chumvi ya kifundo. Kuirudisha tupu, tena kwa mkono wa mtu baki, ni kumwambia jirani kwamba wema wake haukutakiwa. Bi Ummu aliikumbatia ile sahani akalia kilio alichokuwa hajakilia tangu mazishi. Kisha akapangusa machozi, akampigia simu Faiz.

"Mtoe mpangaji wa yuu," alisema. Hakueleza sababu.

Faiz akaiambia kampuni, nayo kampuni haikusikitika, maana ilikuwa ikitamani vyumba vile kwa wageni wa kulala siku mbili tatu. Ikaandaliwa notisi. Wakati huo Mueni alikuwa amekwenda hospitali kujifungua, akarudi na mtoto wa kike. Phineas alipewa likizo fupi, akabeba, akapika, akaitwa kazini. Mama mzazi wa Mueni asingeweza kuja kwa kuwa alikuwa akimuuguza mumewe kule Kibwezi. Mueni akabaki na kitoto chake na kuta nyeupe.

Bi Ummu alikisikia kile kitoto kikilia. Alijifanya hakisikii, lakini kila kilipolia alijikuta amesimama katikati ya chumba, kijiko mkononi, hajui alikuwa akienda wapi.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kiwandani, ule ua wa katikati ya nyumba, akichagua mchele katika ungo. Tone la maji likaangukia ungo. Likafuata la pili. Aliinua uso ili atukane, akaona huko juu nepi zimeanikwa, na mikono ya Mueni ikikamua nyingine juu ya beseni. Hasira ikamkauka mdomoni. Mzazi ambaye kitovu cha mwanawe hakijapona, anafua! Tena kwa maji ya mtungini! Kwa Bi Ummu, mwanamke aliyejifungua hukaa siku arubaini akikandwa kwa maji moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, wala hagusi maji baridi hata kwa kidole. Asiye na mtu wa kumfanyia hayo ni yatima, hata kama wazazi wake wako hai.

Mara akasikia hodi ya juu, na sauti ya Mugambi, meneja wa kampuni.

"Madam, pole kwa hongera... yaani, hongera. Nimeleta notisi. Mwisho wa mwezi tunahitaji nyumba."

"Nitaenda wapi na mtoto wa wiki moja, Bwana Mugambi?" Mueni aliuliza, mikono ingali ndani ya beseni. "Nimekosa nini? Masharti yote nimeyafuata."

Bi Ummu aliweka ungo chini. Alikwenda hadi kwenye mlango wa ngazi ya ndani, akalishika komeo lililoshika kutu. Liligoma, akalipiga kwa kiatu. Akapanda. Alipanda akishika ukuta, na kwa kila daraja alilitaja jina la Mwenyezi Mungu, na machozi yalimtoka kwa sababu alijua kinachomngoja juu: chumba cha Razan bila Razan.

Hakukikuta hicho. Alikuta chumba chenye harufu ya maziwa na sabuni. Katika kidaka kilichokuwa na sahani za buluu mlikuwa na soksi ndogo zimekunjwa mbili mbili.

"Toa mikono kwenye mai hayo!" alifoka.

Mueni aliruka. Mugambi naye akaruka.

"Mzazi na mai baridi! Huna mama wewe?"

"Ninaye, Bi Ummu. Anamuuguza baba."

Bi Ummu alilisukuma beseni kando kwa mguu. Kisha lile lililomchoma likamtoka: "Mimi nalikuletea sahani ya mwanangu, marehemu. Mbona uliirudisha tupu?"

"Tupu?" Mueni alimkodolea macho. "Niliijaza muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, na mbaazi, nikaikabidhi ofisi kama masharti yanavyosema. Hata kwetu Ukambani chombo cha mtu hakirudi tupu."

Wanawake wawili wakamgeukia Mugambi. Yeye alikuwa akiviangalia viatu vyake kwa makini sana.

"Mama, siku ile... tulidhani chakula mwalimu ametuletea sisi, na sahani tu ndiyo ya kurudishwa kwako."

"Mukala?"

"Tulikula."

"Mtana wa Ramadhani?"

"Mimi si Mwislamu, mama."

"Ilikuwa tamu?"

"Tamu sana," alisema Mugambi kwa unyonge, na Bi Ummu akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta, na alipomaliza kucheka aligundua kwamba ameketi kitandani na amemchukua mtoto mapajani.

"Ni mimi nilotaka utolewe, mwanangu," alimwambia Mueni. "Si kampuni. Nalikasirika na sikukuuliza. Nisamehe."

Mueni alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka kichwa chake juu ya goti la yule mama, pale pale karibu na mwanawe, akalia kwa raha.

Mugambi alikohoa. "Lakini maagizo ni ya Bwana Faiz. Mkataba tumeandikiana naye."

"Faiz ni mwanangu, si mwenye nyumba. Kuta hizi alinipa babangu. Mwambie mzazi hatolewi, na ukitaka neno juu ya nyumba hii uye kwangu. Sasa shuka, uniletee makaa na sufuria kubwa. Muthokoi ya watu umeila, ifanyie kazi."

Mugambi alikunja notisi akaitia mfukoni, akashuka kuchukua makaa.

Siku arubaini Bi Ummu alipanda na kushuka, na uji, na maji ya kukanda, na nguo za mtoto zilizofukizwa udi. Siku moja alimuuliza mpangaji wake maana ya jina Mueni, akaambiwa kwa Kikamba ni mgeni. "Basi karibu, mgeni," alisema, akaendelea kumsuka nywele. Faiz alipopiga simu kuulizia miguu, alijibiwa kwamba miguu ina kazi, haina nafasi ya kuuma. Zile dawa za kuchua akamgawia dadake wa Shela.

Kampuni bado husimamia paa na tangi la maji, na Mugambi akija huchungulia jikoni kwanza. Komeo la ngazi ya ndani liling'olewa. Ile sahani ya maua ya buluu hupanda na mkate wa sinia ikashuka na muthokoi, na jioni Bi Ummu hukaa chumbani mwa Razan, mtoto amelala kifuani pake, akisimulia habari za Razan. Ama kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.