Chapa ya Mbegu Bora

Haya, sogeeni mnipe masikio, marefu kwa mafupi!

Ukame uliikausha mbuga, likabaki dimbwi moja tu, nalo la Simba. Fisi, ambaye tumbo lake halijawahi kusema basi, akamwendea.

"Mtukufu, maji haya tusigawe ovyo. Wanyonge wakinywa watazaa, wakizaa mbuga itajaa wanyonge. Niachie mimi nipime. Aliye mbegu bora nitampiga chapa ya udongo mwekundu pajini: anywe, aoe, azae. Wengine, kwaheri!"

Simba akavimba kifua. "Pima!"

Vipimo alivitunga Fisi mwenyewe: mgongo ushuke kama mteremko, taya zivunje mifupa, kicheko kivuke kilima. Waliofaulu? Fisi, mkewe na shemeji zake.

Digidigi akafika na mwanawe, ulimi umemkauka mtoto. "Kaka Fisi, funda moja tu."

"Acheke kwanza!"

Mtoto akatoa kicheko chembamba, "Hii."

"Kafeli! Na miguu yenyewe njiti. Pisha!"

Sungura akapenya katikati. "Hongera, Bwana Mpimaji! Ila watu wanasema mfalme mwenyewe hana chapa."

Simba akaruka. "Mimi? Nipime sasa hivi!"

"Mkubwa, wewe huna haja..." Fisi akababaika.

"Anaogopa utafeli," Sungura akamnong'oneza Simba, kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma.

"PIMA!"

Mgongo: tambarare. Kicheko: Simba akajikamua, kikatoka kikohozi. Nyani akacheka hadi akaanguka mtini.

"Tubadili kipimo!" Fisi akabwata. "Mbegu bora ni mwenye manyoya marefu shingoni!"

"Hapo umenena," akasema Simba.

"Kanena nini?" Alikuwa Simba Jike, amesimama na wanawe, shingo zote vipara. "Mimi ninayekuwindia kila siku si mbegu bora? Na hawa uliowazaa wewe, tuwafukuze?"

Simba akaanza kukagua kucha zake. "Mama watoto, ni huyu Fisi..."

"Na Fisi mwenyewe," Sungura akauliza, "manyoya marefu yako wapi?"

Fisi akajipapasa shingo. Simba Jike akamfuta chapa kwa kofi moja, Fisi akabingirika mpaka miibani.

"Anayekunywa hapa ni mwenye kiu," akasema Simba Jike. "Hakuna kipimo kingine. Pangeni foleni!"

Mtoto wa Digidigi akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Fisi naye alipata nafasi, ya mwisho, nyuma ya Kobe. Na Kobe, jamani, hakuwa na haraka.