Pimbi na Midomo ya Fisi

"Mpo?"

"Tupo!"

"Na masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo, yajaze!"

Basi alikuwapo Fisi. Fisi huyo alikula karanga zote alizoanika Ngiri, mkeka mzima, kacha kacha kacha, wala hakushiba. Akamnyaka Pimbi, kale kanyama ka majabalini kenye sauti kubwa kuliko mwili. Akamlamba, aonje kama ana chumvi.

Pimbi alikuwa hodari wa kudanganya. Lakini siku hiyo, akiwa amebanwa chini ya kucha, alitazama juu akaona jambo la kweli.

"Mjomba, mbona wajikuna?"

"Viroboto."

"Mjomba, vipele vimekutoka hadi puani."

"Joto."

"Mjomba, midomo imeumuka kama maandazi."

"Ndiyo mizuri ya kukulia wewe."

Fisi akacheka. Kicheko kikatoka kama filimbi: fyuuu, fyuuu. Akataka kumeza mate, hayakupita. Miguu ikalegea, pu! akakaa chini. Hata hivyo hakumwachia Pimbi.

"Koo linaziba, Mjomba. Kaka yangu alianza hivi hivi alipoumwa na nyuki, na sisi tukachelewa kuita mtu. Dawa anayo Bibi Nungunungu, ng'ambo ya bonde. Mwite."

Fisi akafungua kinywa. Fyuuu.

"Basi nikuitie mimi. Ila nikibanwa hivi, sauti haifiki."

"Wewe... mwongo."

"Mimi mwongo, Mjomba. Na midomo yako je?"

Fisi akaachia.

Pimbi akaruka juu ya jabali. Tundu lake lilikuwa hatua mbili tu. Akalitazama. Akamtazama Fisi. Akapiga ukelele: "Bibi Nungununguuu! Mbio! Fisi hapumui!"

Bibi akaja, chaka chaka chaka, na mwiba uliolowekwa dawa. Hakusalimia. Chwa! pajani. Fyuuu ikawa fyu, fyu ikawa pumzi.

"Lala hapo hapo, usiinuke. Balaa hili huweza kurudi. Umegusa nini leo?"

"Karanga," Fisi akanong'ona. "Na huyu, nilimlamba."

"Ni karanga," Bibi akaanza.

"Na pimbi," Pimbi akadakia kwa huzuni. "Hasa pimbi. Ukoo wetu wote ndivyo ulivyo, Mjomba. Pole sana."

Bibi Nungunungu akamtazama Pimbi, akakohoa.

"Acha vyote viwili," akasema.

Hata leo Fisi akimwona Pimbi humwamkia kwa heshima, akiwa mbali.

Funzo lake ni kwamba tuseme kweli daima, kama Pimbi, ambaye siku hiyo alisema kweli mpaka mwisho, ukiondoa mwisho wenyewe.

"Ngano yangu nimeitua."

"Nasi tumeipokea!"