Kuku wa Bibi Ludovika

Kuku wa mgeni kafunikwa, mgeni kaliwa na mbu. Juzi harusini mliisikia wenyewe, shangazi yake bwana harusi alipoitoa mbele za watu. Wakwe wameachwa juani hata maji ya kunywa hawajapewa, na wenyeji wote wamejazana jikoni wanagombania kupamba sahani za hao hao wakwe. Mkaangua kicheko. Siwalaumu, maneno yenyewe yanachekesha. Lakini mmeniuliza yametoka wapi, basi wekeni hizo simu chini mnisikilize. Na nawaambia mapema, aliyeyasema mara ya kwanza hakuwa akicheka.

Yametoka hapa hapa Mkasale, kwenye ile nyumba ya mwisho kabla hujaingia mashamba ya mpunga. Hapo alikaa Bibi Ludovika, mjane, mwenye mtoto mmoja tu wa kiume, Kastori. Kastori alipata kazi kwenye mashamba ya chai huko Mufindi, kwenye baridi ya kutoa moshi mdomoni, akaoa huko, akapata binti wakamwita Editruda. Bibi alikuwa amemwona mjukuu huyo mara moja tu, siku ya ubatizo, akiwa kichanga kilichofungwa mablanketi hata uso hauonekani. Tangu hapo ni picha na sauti ya simu.

Basi mwaka mmoja, shule zilipokaribia kufungwa, Kastori akapiga simu. Mtoto anakuja kumtembelea bibi yake likizo nzima, na sikukuu ya Krismasi yeye na mkewe watakuja kumchukua. Ee, Ludovika alilia kwa furaha! Akakandika ukuta, akashona mto mpya, akatenga kuku. Mnajua mila yetu: mgeni hajafika mpaka achinjiwe, wala hajaaga mpaka apewe kuku mzima wa kuondoka naye. Mgeni akirudi kwao mikono mitupu, utasemwa mpaka uzeeni. Bibi akachagua vijogoo vya kuchinja, na tetea mmoja mwekundu wa Editruda kurudi naye Mufindi. Walikuwa bado wadogo, wamezidi vifaranga kidogo tu, lakini kufikia Krismasi wangekuwa wamenona.

Mtoto akaja. Msichana mwembamba, mpole, anaamkia hadi watoto wenzake. Ndani ya begi lake mlikuwa na chandarua kipya, na siku ile ile mama yake, Agripina, akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgeni wangu kafika salama."

"Nashukuru mama. Nina ombi moja tu. Huku kwetu mbu hamna, mtoto huyu hajawahi kuugua malaria tangu azaliwe. Mwili wake hauijui. Naomba alale kwenye chandarua chake kila siku, mama, hata siku moja asikose."

Ludovika akacheka. "Mbu wetu hawa? Si ndio waliomlea mumeo!" Lakini usiseme alipuuza. Alikitundika mwenyewe, akachomeka pindo chini ya godoro, akamwambia mtoto, "Haya, binti mfalme, ingia kwenye jumba lako." Yeye mwenyewe alilala kwenye mkeka bila chochote. Alisema mbu wa Mkasale wameshamchoka.

Mambo yakaenda vizuri hadi mwewe alipokuja. Walikuwa shambani, wanarudi wanakuta manyoya yametapakaa uani, na kijogoo kimoja hakipo. Bibi akashika kichwa. "Ole wangu! Kuku wa mjukuu wangu! Atachinjiwa nini huyu mtoto, mchicha?" Alikuwa na tenga, lakini kuku walishakua, hawaenei tena humo. Alikuwa na ua wa matete, lakini juu ulikuwa wazi. Akazunguka nyumba akitafuta kitu cha kufunikia, na jicho likatua kwenye kile chandarua juu ya kitanda.

"Mchana tu," alimwambia Editruda. "Jioni nakirudisha."

Wakakifunga juu ya ua wa kuku pamoja, bibi na mjukuu, kamba kwa kamba kwenye vigingi. Mwewe akaja akazunguka, akaondoka. Bibi akampigia vigelegele vya kumdhihaki, mtoto akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni Ludovika alifungua kamba zote, akakung'uta chandarua, akakitundika kitandani. Kesho yake vile vile. Kisha mvua zikaanza, na mvua za kwetu mnazijua. Kamba zikalowa, vifundo vikakaza kama vimegandishwa, na msimu wa kupandikiza mpunga nao ukawa umefika. Bibi alishinda ameinama majini, jioni mgongo haunyooki. Akagusa kifundo kimoja, vidole vikakataa.

"Leo tu," akasema.

"Acha tu bibi," Editruda akamjibu. "Hata ukikifungua, kina matope."

Leo tu ikawa na kesho, na keshokutwa. Msidhani hakumpenda mjukuu wake. Hapo ndipo pananiuma mimi kila nikisimulia. Kila alipoamka alikwenda kwanza kuwatazama wale kuku, akawatupia pumba, akawapima uzito kwa mkono. Aliwahangaikia kwa sababu ya yule mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa ndani, anajikuna.

Maana mbu walimla hasa. Asubuhi miguu ina vipele, mikono ina vipele, na kope moja imevimba. Majirani wakataniana naye: "Damu ya baridi hiyo, tamu! Mbu wamepata mgeni, wanaitana." Bibi akakata jani la mshubiri, akalipasua, akampaka ule utomvu wake taratibu, kipele kimoja kimoja. Akamkata kucha asijichubue. Akamfunga kitambaa cha maji baridi pale palipovimba. Jioni akachoma kivumbasi mlangoni, na mbu wakakaa mbali kwa muda ule moshi ulipokuwepo. Moshi ukiisha wanarudi. Na vipele kweli vilipoa, bibi akajisifu, "Unaona? Dawa ya bibi." Mshubiri ni dawa ya ngozi, wanangu. Alichokiacha mbu ndani ya damu haukifikii.

Siku moja Editruda akakataa chakula. Akajikunyata juani, akasema anasikia baridi. Mtoto wa Mufindi anasikia baridi Mkasale, na jua lile! Bibi akasema amewakumbuka wazazi wake. Akamchemshia mwarobaini, akamfunika khanga mbili. Agripina akapiga simu kama kawaida yake.

"Mbona sauti yake imenyong'onyea, mama?"

"Jua tu, mwanangu. Alikwenda nami shambani."

"Na chandarua?"

Ludovika akatazama nje mlangoni. "Kipo," akasema.

Hakudanganya. Kilikuwepo. Agripina akashukuru, akakata simu, na bibi akabaki ameshika simu mkononi. Moyo ulimgonga, alikuja kusema mwenyewe baadaye, ukamwambia mpeleke mtoto zahanati sasa hivi. Lakini akajiambia, ngoja tuone kesho, homa ya siku moja isiwatie wazazi wake hofu. Aliona aibu. Angeanzaje kumwambia mkwewe kwamba chandarua alichomkabidhi kinalinda kuku?

Kesho yake mchana degedege ikamshika mtoto. Jirani mmoja, Fidelisi, akawasha pikipiki, bibi akapanda nyuma amemkumbatia mjukuu kifuani, wakaruka madimbwi hadi zahanati. Pale walifanya yote waliyoweza. Nesi alimchoma sindano, akampigia simu dereva wa gari la kumpeleka hospitali kubwa, akashika mkono wa mtoto wakati wote wanasubiri. Gari lilifika. Editruda alikata roho njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa bibi yake.

Kastori na Agripina walikuja kabla ya Krismasi, lakini si kwa safari ile waliyoipanga. Walimzika hapa hapa, nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la babu yake. Agripina hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkeka kati ya kina mama, macho makavu, anaitikia pole za watu kama anayejibu hodi.

Sasa msibani watu hula. Kina mama wakaulizana waweke nini chunguni, mmoja akasema kuna kuku uani, wamenona, na pasipo kujua lolote akaenda kuwakamata. Akaanza kuhangaika na vile vifundo. Vikamshinda, akaita, "Jamani, nileteeni kisu nikate hiki chandarua!"

Agripina akainua kichwa. Akasimama, akaenda hadi kwenye ule ua wa matete, akashika pindo. Alikinunua mwenyewe, akakizungushia uzi wa bluu kwa mkono wake. Akageuka.

"Mama. Hiki si cha mwanangu?"

Ludovika alikuwa amekaa mlangoni, hajala tangu siku ile.

"Ni chake," akasema.

"Uliniambia kipo."

"Kilikuwepo hapo, mwanangu."

"Kinafanya nini hapo?"

"Mwewe alikuja. Nikaogopa Krismasi nitakosa cha kumchinjia."

Kastori akasogea amshike mkewe, Agripina akamwondoa mkono. Hakutukana. Aliuliza tu kwa sauti ndogo, na wote waliokuwepo walisema afadhali angetukana: "Kwa hiyo mwanangu alikuwa analala ndani bila kitu, na kuku wanalala humu?"

Bibi Ludovika akasimama. Alikuwa na mengi ya kujitetea, mvua, mgongo, vifundo, upendo. Yote akayaacha. Akaanguka chini pale pale kizingitini, akapiga ardhi kwa viganja, na kilio chake kikasikika hadi mashambani. Hakuwa akitunga methali yule mama. Alikuwa akijibu alichoulizwa.

"Ndiyo, mwanangu. Kuku wa mgeni kafunikwa, mgeni kaliwa na mbu."