Kaburi la Kuro Mlangoni kwa Chui

Ngano naileta!

Ilete tuipokee.

Ina uchungu.

Tutaumeza.

Hapo zamani za kale, Kuro alikuwa msemaji wa wanyama. Sungura akionewa, Kuro anasema. Ndezi akinyimwa maji, Kuro anasema. Wanyonge walimpenda kupita kiasi, na Chui mtawala hakumpenda hata chembe.

Asubuhi moja Kuro akakutwa amekufa. Wakubwa wakamfunga sanda chapuchapu, wakamwita Muhanga, mchimba makaburi. "Zika upesi," wakamwambia.

Muhanga alilia, maana Kuro alikuwa rafiki yake. Lakini nchi ile ilikuwa na desturi. Aliyekufa maji huzikwa mtoni. Aliyeugua huzikwa nyumbani kwake. Aliyeanguka huzikwa chini ya jabali. Na aliyeuawa huzikwa mlangoni kwa aliyemuua. Kwa hiyo ilikuwa lazima mchimbaji aulize kwanza.

Akamwendea Fisi, askari wa Chui. "Bwana Fisi, Kuro kafaje?"

"Kafa maji."

Muhanga akachimba mtoni. Hajamaliza, Mbweha, karani wa Chui, akapita. "Mzee, mbona unachimba huku? Kuro kafa kwa homa."

Muhanga akafukia, akaenda kuchimba nyumbani kwa Kuro. Shimo lilipomfika kiunoni, Chui mwenyewe akaja. "Nani kakutuma hapa? Kuro kateleza jabalini." Muhanga akafukia tena.

Sasa hasira zikampanda. Jamani, Kuro mmoja, vifo vitatu? Wametuona wajinga kiasi hicho? Akarudi kwa wafiwa, akafungua sanda mbele yao. Manyoya makavu. Mifupa mizima. Na shingoni, matundu manne ya kucha.

Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Chui, akaanza kuchimba. Sungura akaja, Ndezi akaja, wanyonge wote wakaja wamebeba maiti ya Kuro, wakasimama naye.

Chui akarudi kutoka barazani. "Unachimba nini kwangu?"

"Kaburi la Kuro, mkubwa."

"Nani kasema nimemuua mimi?"

"Shingo yake imesema. Kama nimekosea mlango, leta kucha zako tuzipime. Zisipoenea kwenye matundu haya, nitafukia na kukuomba radhi mbele ya hawa wote."

Chui akautazama umati. Akakunja vidole, akazificha kucha ndani ya nyayo. "Mimi sina kucha," akasema.

Hata Fisi aliinamisha kichwa kwa aibu. Muhanga akamlaza rafiki yake pale pale mlangoni. Nchi ile hakuna anayeruka kaburi, basi Chui akakosa pa kuingilia. Akatokomea porini, na mpaka leo anatembea kaficha kucha zake.

Mnasikia, wanangu? Maiti haiwezi kuuliza, kwa hiyo sisi tuliobaki ndio wa kuuliza. Mkipewa majibu matatu ya kifo kimoja, msizike. Ulizeni tena.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe.