Mashavu Aomba Nafasi ya Uzamili

Profesa Rwegasira, bingwa wa saikolojia, alijigamba kwamba husoma mawazo ya mtu akiwa bado mlangoni. Mashavu alipoingia kuomba nafasi ya uzamili, bingwa alisoma matokeo yake tu, hata shikamoo hakuitikia.

"GPA ya mbili nukta moja! Binti, hapa ni uzamili, si elimu ya ngumbaru."

"Ndiyo maana Profesa Mtweve alinikataza nisikusumbue. Alisema vichwa vizito kama changu anaviweza yeye peke yake."

"Mtweve? Yule aliyenakili tasnifu yangu?" Profesa alisaini fomu papo hapo. "Kamwambie nimekupokea!"

Mashavu alishukuru, akaenda kubisha hodi kwa Profesa Mtweve, mtu ambaye hakuwahi kuonana naye maishani.

"Shikamoo, Profesa. Profesa Rwegasira kanipokea, ila ameapa kwamba wewe huna ubavu wa kunipatia ufadhili."