Mama Aliyewaomba Radhi Sisimizi

Kulikuwa na mama mmoja, mtu wa ibada kunishinda mimi ninayewahubiria hekaluni humu. Kila alfajiri, kabla hajashusha miguu kitandani, aliigusa sakafu kwa vidole akasema, "Mama Ardhi, niwie radhi, nakukanyaga." Nanyi mnafanya hivyo, sivyo? Wengine mnakumbuka mkishafika bafuni, lakini Mungu anawajua.

Basi binti yake mdogo akashikwa na homa kali. Daktari alimpa dawa, akamwambia mama, "Mpe maji kidogo kidogo, na usimwache peke yake." Siku ya pili homa haijashuka. Hofu ikamwingia mama yule. Akajiuliza, nimemkosea nani mpaka mwanangu aungue hivi? Akawakumbuka sisimizi aliowamwagia maji ya moto jikoni. Akamkumbuka ng'ombe wa jirani aliyempiga fimbo, na mwarobaini alioukata tawi bila kuuomba ruhusa.

Mtoto akasinzia. Mama akatoka. Alipiga magoti kwenye kichuguu cha sisimizi, akalia. Kisha akaenda kwa jirani, akainama miguuni pa ng'ombe. Jirani, mwanamke mtu mzima, alishangaa.

"Mwanangu, mgonjwa umemwacha na nani?"

"Na Mungu, shangazi. Namtafutia radhi. Huenda ni kosa la maisha tuliyoishi kabla ya haya, lake au langu."

"Na maji, amekunywa?"

"Nikitoka kwenye mwarobaini nitampa."

Hakufika kwenye mwarobaini. Alisikia kishindo ndani ya nyumba yake, akakimbia huku kanga ikimponyoka. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi chini, kiganja kimegandama sakafuni, na mtungi wa maji uko mbele yake, hakuufikia. Mama alipiga ukelele uliosikika mtaa mzima.

Mtoto akafumbua macho. "Mama, nilikuita. Nilishikwa na kiu. Niliigusa sakafu kwanza, nikaomba radhi kama ulivyonifundisha. Halafu nikaanguka."

Mmesikia, ndugu zangu? Aliomba radhi. Na bado akaanguka.

Sisi Wahindu tunafundishwa kwamba kila tendo lina matunda yake, ndiyo karma, nami sikatai. Lakini nani humu ndani ameuona mzizi wa homa ya mtoto? Jirani akipatwa na msiba, tunanong'ona, "Karma yake hiyo," kisha tunakwenda zetu kula. Yakitupata wenyewe, tunazunguka na hofu tukitafuta kosa. Tunasema Mungu yumo ndani ya sisimizi, ndani ya ng'ombe, ndani ya mti. Yumo! Na ndani ya mtoto mwenye kiu hayumo? Mama yule alimtafuta Mungu uani kote, kumbe Mungu alikuwa chumbani anamwita.

Naona macho yenu. Mnataka kujua kama alipona. Hata mimi nina binti, nami huogopa akikohoa tu. Lakini mama naye hakujua. Alimpakata mtoto, akamwekea kikombe mdomoni. Mtoto akanywa.

Sasa nawauliza ninyi. Wewe uliyekuja hapa na maua na nazi, nyumbani umemwacha nani? Kama kuna anayekuita, inuka uende sasa hivi. Taa za ibada nitazizungusha mbele ya Mungu mwenyewe, peke yangu.