Kandambili za Bi. Mize

Palikuwa na tajiri mmoja Unguja mjini aliyetaka mwanamke mwenye kidonda cha mguu aende kwao pekupeku, ili yeye aitwe msanii. Jina lake Khelef bin Sanjari. Saruji alikuwa nayo, mabati alikuwa nayo, malori alikuwa nayo. Alichokikosa ni kusifiwa kwa kitu alichokifanya mwenyewe, kwa sababu hajapata kukifanya. Basi akanunua ghala bovu kichochoroni, akalipaka chokaa, akaliita nyumba ya sanaa ya kisasa.

Na hiyo sanaa yenyewe, jamani, laiti mngeiona. Televisheni inamwonyesha mtu anatafuna mkate, anatafuna, anatafuna, hamezi. Chandarua kilichochanika kimewashiwa taa ya kijani. Rundo la madumu matupu, na ndani ya dumu moja redio inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Kila kitu kina kibao chenye jina la kushangaza. Watu wazima, wenye akili zao timamu, wanasimama mbele ya dumu, wanatikisa kichwa, wanasema, "Mmh." Nani athubutu kusema kuwa lile ni dumu?

Siku ya ufunguzi, saa nne asubuhi, Bi. Mize wa Kikwajuni akaleta sambusa za wageni. Bi. Mize ni mjane, anakaanga sambusa kwa riziki yake, na ulimi wake hauna likizo. Mguu wake wa kushoto una kidonda cha sukari, na muuguzi amemwambia wazi: ukikanyaga njiani bila kiatu, mguu huo utakuja kukatwa. Lakini Bi. Mize alilelewa akaleleka. Aliiona ile sakafu ya vigae, safi kuliko sahani zake, akaona haya kuingia na viatu. Akavivua. Kuviacha nje hakuthubutu, maana kichochoro kile viatu huondoka bila ya mwenyewe. Akavipanga ndani, kando ya ukuta, akaenda taratibu mpaka jikoni na sinia lake.

Wageni wakaingia na viatu vyao vivyo hivyo, vumbi na yote.

Mmoja wao alikuwa Dokta Gervasi, bingwa wa sanaa aliyealikwa kutoka Dar es Salaam, shali ya sufu shingoni katika jua la Februari. Akayapita madumu. Akakipita chandarua. Alipofika kwenye kandambili za Bi. Mize, akasimama. Moja nyekundu, moja buluu, ukanda umefungwa waya, kisigino kimelika mpaka kimetoboka. Dokta akachuchumaa, akavua miwani.

"Kazi ya nani hii?"

Khelef hakuwa amezitia machoni hata mara moja. Lakini aliona watu wote wamemgeukia yeye.

"Yangu," akasema. "Nimeifanya kwa mikono yangu. Miezi minane."

Wakapiga makofi. Mara kibao kikaandikwa, kikabandikwa ukutani juu ya kandambili: SAFARI YA MNYONGE, KAZI YA KHELEF BIN SANJARI.

Bi. Mize akatoka jikoni, sinia tupu mkononi. "Hebu nipisheni, wanangu, nivae viatu vyangu."

"Viatu gani?" akauliza Khelef.

"Hivyo unavyovikodolea macho."

"Hiyo ni sanaa, Bi. Mize. Haiguswi."

"Nimekuja navyo mguuni. Muulize mlinzi wako."

Mlinzi akatazama dari. Ana watoto wanaomngoja nyumbani, masikini.

"Waya huu nimeufunga mimi kwa koleo la jirani."

"Waya huo," akasema Khelef, "ni minyororo ya fikra."

"Na tundu hili la kisigino?"

"Ni njaa ya ulimwengu."

"Na hiki kilichoganda chini ya soli?"

Khelef akainama, akanusa, akajikaza. "Ni udongo wa asili yetu. Nimeufinyanga mwenyewe."

"Hicho ni kinyesi cha bata wa jirani yangu Bi. Salha. Hongera kwa kukifinyanga."

Mgeni mmoja akakohoa kuficha kicheko. Dokta Gervasi, yeye, aliandika yote katika daftari.

Khelef akamsogelea Bi. Mize, akamnong'oneza. "Usinitie aibu mbele za watu. Nenda zako."

"Kwa mguu huu, na chini kunaunguza?"

"Bibi yangu alikwenda pekupeku maisha yake yote."

"Namkumbuka. Alikuwa akimwomba Mungu mjukuu wake apate viatu. Hakuomba apate vya wenzake."

Hasira zilimpanda Bi. Mize mpaka utosini, lakini hakupiga kelele. Alikwisha kuielewa nyumba ile. Humo ukisema kweli unaambiwa hujui sanaa. Basi akaweka sinia chini, akatia mguu wa kushoto katika kandambili nyekundu, wa kulia katika ya buluu. Mlinzi akapiga hatua.

"Dokta," akasema Bi. Mize, "andika na hii. Hii ni kazi yangu mimi. Inaitwa Mwenye Viatu Amekwenda Zake."

Akaanza kutembea kuelekea mlangoni, pole pole, pwata, pwata.

Dokta Gervasi akashika kifua. "Kazi inatembea," akasema. "Mlinzi, usimguse. Kazi ya msanii haiguswi."

Mlinzi akapisha, tena kwa furaha. Wageni wakapiga makofi makubwa kuliko ya mwanzo, na Khelef akalazimika kupiga nao, jasho linamtoka. Akamkimbilia Bi. Mize mpaka kizingitini.

"Bi. Mize, umenimaliza. Sasa pale ukutani mimi nimebakiwa na nini?"

Bi. Mize akageuka, akautazama ukuta.

"Kibao kina jina lako, bwana, na chini yake hamna kitu. Sasa hiyo ndiyo kazi ya mikono yako."